Mzaha kama Ushahidi: Barua za John Hay, Katibu Msaidizi wa Rais Lincoln (1861-1865)

Mwaka 1890 ilichapishwa nchini Marekani historia ya Rais Abraham Lincoln yenye juzuu 10. Waandishi wake, John George Nicolay na John Hay, walikuwa makatibu wa Rais huyo wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, tangu 1861 hadi 1865, na muda wote huo waliishi naye chini ya paa moja. Ni kazi kubwa, yenye hati nyingi na hukumu nzito. Hata hivyo, msomaji atakayeipitia kuanzia juzuu ya kwanza hadi ya kumi hatatambua kwamba waandishi hao, walipokuwa vijana, walimpa Rais wao majina ya mzaha, waliwacheka majenerali wake, na walimsema vibaya mke wake. Mambo hayo yamehifadhiwa mahali pengine, yaani katika barua walizoandikiana wao kwa wao, na hasa zile zilizotoka katika kalamu ya Hay.

Makala haya yanazichunguza barua hizo. Hoja yanayoitetea ni kwamba mzaha wa msaidizi wa kiongozi ni ushahidi wa kihistoria kama ulivyo waraka wa serikali. Unatuonyesha jinsi heshima ilivyozaliwa na kukua moyoni mwa mtu aliyemwona kiongozi kila siku, pasipo vazi la sherehe. Lakini kama ushahidi wowote ule, mzaha huo unaweza kusema kweli, na unaweza pia kumdhulumu mtu asiyekuwapo kujitetea.

1. Vijana wawili katika Ikulu

John Hay alizaliwa Salem, katika jimbo la Indiana, tarehe 8 Oktoba 1838, akakulia Warsaw, mji mdogo wa Illinois ulio kando ya mto Mississippi. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Brown, upande wa mashariki wa nchi, akahitimu mwaka 1858, akiwa amekwisha kujulikana miongoni mwa wenzake kama mtunzi wa mashairi. Aliporudi Illinois alianza kujifunza sheria mjini Springfield katika ofisi ya ami yake, Milton Hay, iliyokuwa jirani na ofisi ya mwanasheria Lincoln. Nicolay alimzidi umri kwa miaka 6. Yeye alizaliwa Ujerumani mwaka 1832, akaletwa Marekani akiwa mtoto, akajifunza kazi ya kupiga chapa na baadaye akawa mwenye gazeti katika mji wa Pittsfield. Hapo ndipo vijana hawa walipofahamiana.

Lincoln alipochaguliwa kuwa Rais mwaka 1860, alimchukua Nicolay awe katibu wake, na Nicolay akaomba aongezewe Hay. Kulikuwa na kizuizi: sheria ilimruhusu Rais katibu mmoja tu wa kulipwa. Njia iliyopatikana ni ile inayofahamika katika ofisi nyingi za serikali duniani. Hay aliandikishwa kuwa karani wa ofisi ya pensheni, kisha akaazimwa Ikulu. Alikuwa na miaka 22. Wawili hao walilala katika chumba kimoja cha ghorofa ya juu, hatua chache kutoka ofisi ya Rais, na kwa hiyo hawakuwa na saa ya kuanza kazi wala ya kuimaliza. Walipokea wageni, walifungua barua, walitayarisha majibu, na walitumwa kwa majenerali na wabunge kupeleka maneno ambayo Rais hakutaka kuyaweka katika maandishi. Mwaka 1866, katika barua aliyomwandikia William Herndon kutoka Paris, Hay alieleza kwamba Rais hakuwa akisoma hata barua moja katika hamsini zilizoletwa, na kwamba majibu mengi yaliyoandikwa na Hay mwenyewe yalitiwa saini bila kusomwa.

Kazi ya namna hii huzaa mzaha. Katibu humwona mheshimiwa anapoomba cheo kwa ajili ya shemeji yake. Humwona jenerali akitafuta sababu ya kutokwenda vitani. Humwona pia mkuu wake akiwa na usingizi, hasira, njaa na mashaka. Yote hayo hawezi kuyasema hadharani. Akiyanyamazia kabisa yatamlemea. Akiyasema kwa ukali atakuwa msaliti. Mzaha humpa njia ya tatu.

Jambo moja la kawaida sana ndilo lililotuhifadhia mzaha huo. Maadamu Hay na Nicolay walikuwa pamoja, walicheka kwa midomo, na kicheko cha mdomo hakiachi alama. Nicolay aliposafiri, Hay alilazimika kuchukua kalamu. Mwaka 1862 Nicolay alikwenda Minnesota, na mwaka 1863 alipelekwa Colorado pamoja na ujumbe wa kufanya mapatano na Wahindi Wekundu wa kabila la Waute. Barua zenye utani mwingi zaidi ni za vipindi kama hivyo. Aliyeandikiwa alikuwa mtu mmoja, aliyeijua kila sura na kila mlango wa nyumba ile, na kwa sababu hiyo mwandishi hakuhitaji kueleza wala kujihadhari.

2. Lakabu za Rais

Katika barua hizo Rais hatajwi sana kwa jina lake. Lakabu mbili ndizo zinazotawala, na kila moja inastahili kutazamwa kwa jicho la mwanafunzi wa lugha.

Lakabu ya kwanza ni Tycoon. Msomaji wa leo anaweza kupotoshwa nayo, kwani katika karne ya 20 neno hili lilikuja kumaanisha tajiri mkubwa wa viwanda na biashara. Mwanzoni mwa vita halikuwa na maana hiyo. Lilitoka katika neno la Kijapani taikun, yaani bwana mkuu, cheo alichoitwa Shoguni wa Japani katika mambo yake na mataifa ya kigeni. Mwaka 1860 ujumbe wa Japani ulifika Washington, wenyeji wakaushangilia kwa udadisi mwingi, na neno hilo likawa mdomoni mwa watu. Vijana wa Ikulu walilichukua likiwa bado jipya, wakamvika mtu ambaye hakufanana nalo hata kidogo. Lincoln alizaliwa mwaka 1809 katika kibanda cha magogo huko Kentucky. Nguo zake hazikumkaa vizuri, na mlango wake ulikuwa wazi kwa kila mwombaji. Kumwita mtu huyo kwa cheo cha mtawala wa mbali, aliyezungukwa na adabu na mapazia, ni kinaya kinachojieleza chenyewe.

Lakini kinaya kina tabia ya kugeuka mkononi mwa mwenye kukitumia. Kadiri miaka ya vita ilivyosonga, mamlaka ya Lincoln yalipanuka: aliandikisha majeshi, alisimamisha haki ya mtu kutokamatwa bila kushtakiwa, aliachisha majenerali kazi, akatangaza uhuru wa watumwa katika majimbo yaliyoasi. Jina lililoanza kama kichekesho likaanza kufanana na mwenye nalo.

Lakabu ya pili inamwita Rais kwa neno la Kiingereza la kumtaja mtu wa kale, mtu aliyepitwa na ujana zamani mno. Lincoln alikuwa na miaka 52 alipoingia Ikulu. Kwa kijana wa miaka 22, huo ulikuwa uzee wa kutosha. Hapa mfasiri wa Kiswahili anakutana na shida ya kweli. Akiandika "Mzee", atahifadhi upendo na atapoteza dhihaka, kwa maana Mzee ni jina la heshima katika nchi zote zinazosema Kiswahili. Wananchi wa Kongo wanakumbuka jinsi Rais Laurent-Désiré Kabila alivyoitwa Mzee na wafuasi wake. Akiandika "Kikongwe", atahifadhi dhihaka na atapoteza upendo. Neno la Hay linabeba vyote viwili kwa pamoja.

Pengine msaada hautoki katika neno moja bali katika desturi. Jamii nyingi za Afrika ya Mashariki na ya Kati zinaujua utani wa babu na mjukuu. Mjukuu anaweza kuyacheka meno ya babu yake na kudai kuwa mke wa babu ni mke wake, wala hapana anayekasirika. Maneno hayohayo akimwambia baba yake, ni kosa kubwa. Utani huo hauvunji heshima. Unaonyesha kwamba heshima ipo na ni imara kiasi cha kuweza kuchezewa. Uhusiano wa Hay na Lincoln ulikuwa na sura hiyo. Hata hivyo mfano huu una mpaka wake: utani wa desturi husemwa mbele ya mwenyewe, naye ana haki ya kujibu, hali lakabu za Hay zilikaa ndani ya bahasha. Ulikuwa utani wa upande mmoja.

3. Barua ya Agosti 1863

Mfano ulio bora ni barua ambayo Hay alimwandikia Nicolay tarehe 7 Agosti 1863. Wakati wenyewe unapaswa kukumbukwa. Mwezi mmoja kabla yake, majeshi ya Kaskazini yalikuwa yameshinda Gettysburg (1-3 Julai) na kuutwaa mji wa Vicksburg (4 Julai). Lakini kati ya tarehe 13 na 16 Julai mji wa New York uliwaka kwa ghasia za watu waliokataa kuandikishwa jeshini kwa lazima, na watu weusi wengi waliuawa katika ghasia hizo. Ushindi na aibu vilikuwa vimefuatana katika majuma mawili.

Hay anaanza kwa lugha ya mtaani: anamwarifu mwenzake kwamba Tycoon yu katika hali nzuri kabisa, kama mtu anayemsifu farasi aliyelishwa vizuri. Kisha anaorodhesha kazi ambazo Rais anazifanya zote kwa mara moja, yaani vita, uandikishaji wa askari, mambo ya nchi za nje, na mpango wa kuijenga upya nchi baada ya vita. Orodha yenyewe ina mdundo wa chuku, na msomaji anangojea neno la kumalizia la kuchekesha. Neno hilo haliji. Badala yake mwandishi anakiri kwamba mpaka wakati huo hakuwa ametambua kwa nguvu gani Rais anawatawala mawaziri wake, na kwamba katika mambo makubwa yeye ndiye anayeamua, wala hapana anayebisha. Anamalizia kwa kusema kwamba nchi haina mtu mwingine wa kuikamata kazi hiyo.

Barua ya tarehe 11 Septemba mwaka huohuo inakwenda njia hiyohiyo. Humo Rais anafananishwa na Jupiter, mkuu wa miungu ya Warumi, mwenye kurusha radi. Lakini Jupiter huyu ametoka porini, miongoni mwa watema miti. Tashbihi hiyo ina kicheko katika nusu yake ya pili na kicho katika nusu yake ya kwanza. Ukiiondoa nusu moja, picha inaharibika: bila pori, inabaki sifa tupu ya mshairi wa ikulu, bila radi, inabaki dhihaka ya mtoto wa chuo dhidi ya mtu asiyesoma shule.

Hapa thamani ya mzaha kama ushahidi inaonekana waziwazi. Sifa zilizoandikwa baada ya kifo cha Lincoln ni nyingi kupita kiasi, na mwanahistoria ana haki ya kuzitilia shaka, kwani marehemu aliyeuawa husifiwa na wote. Lakini barua za Agosti na Septemba 1863 ziliandikwa wakati Rais yu hai, analaumiwa na wengi, na hana hakika ya kuchaguliwa tena. Aliyeziandika hakutaka cheo, maana aliyeandikiwa hakuwa na cheo cha kumpa. Aliyezoea kucheka, siku anapoacha kucheka katikati ya sentensi, anaaminika zaidi kuliko msifu wa kila siku.

4. Je, ni halali kucheka wakati wa vita?

Swali hili liliulizwa wakati uleule. Wapinzani wa Lincoln walimlaumu mara nyingi kwa hadithi zake za kuchekesha. Walisema ni aibu mkuu wa nchi kufanya masihara huku vijana wakizikwa kwa maelfu. Hata ndani ya Baraza la Mawaziri hawakuwa na moyo mmoja. Tarehe 22 Septemba 1862 Lincoln aliwakusanya mawaziri wake ili awasomee Tangazo la Ukombozi. Kabla ya kulisoma, aliwasomea sura ya kuchekesha kutoka katika kitabu cha Artemus Ward. Waziri wa Fedha, Salmon Chase, aliandika katika shajara yake kwamba Rais aliifurahia sana, na wengine pia, isipokuwa Stanton, Waziri wa Vita.

Siku mbili baadaye, usiku wa tarehe 24 Septemba, Hay alikuwa katika nyumba ya Chase pamoja na wanasiasa wengine waliokusanyika baada ya watu kuja kuwaimbia na kuwashangilia. Aliyoyaona aliyaandika katika shajara yake, ambayo ni ndugu wa barua zake kwa mtindo na kwa uwazi. Waheshimiwa hao walikuwa wakiitana "wapinga utumwa" huku wakicheka, kama watoto waliopewa kitu kilichokatazwa. Ili kuuelewa mzaha huo, ni lazima kukumbuka kwamba jina hilo lilikuwa tusi la kisiasa. Kwa miaka mingi mwanasiasa aliyetaka kura alilikana kwa nguvu zake zote, hata kama moyoni aliuchukia utumwa. Hay aliona kwamba Tangazo lilikuwa limewafungua wao pia, pamoja na watumwa. Hapana waraka rasmi unaoweza kutueleza jambo hili kwa usahihi huo: kwamba siasa mpya ilianza siku watu walipoweza kulitamka jina la aibu kwa kicheko. Mwanafunzi wa historia ya Afrika ana sababu ya pekee ya kuisoma kumbukumbu hiyo kwa makini, akikumbuka vilevile kwamba wale ambao uhuru wao ulikuwa ukizungumzwa hawakuwamo katika ukumbi ule.

Usiku mwingine ni ule wa tarehe 30 Aprili 1864. Siku hiyo Lincoln alimwandikia Jenerali Grant barua ya kumtakia heri, na siku 4 baadaye jeshi la Grant lilivuka mto Rapidan kuanza kampeni iliyomwaga damu nyingi kuliko zote zilizotangulia. Baada ya saa sita za usiku, Hay akiwa bado anaandika, Rais aliingia ofisini akicheka, kitabu cha mshairi Thomas Hood mkononi, ili awaonyeshe makatibu wake kikaragosi kilichomfurahisha. Alikuwa amevaa shati la kulalia lililo fupi, na Hay analifananisha, jinsi lilivyotokeza nyuma juu ya miguu ile mirefu, na manyoya ya mkia wa mbuni mkubwa. Kisha, kama ilivyo desturi yake, anabadilisha sauti: anastaajabu kwamba mtu aliyeshikwa mchana kutwa na mambo mazito kiasi hicho bado ana moyo wa kuamka kitandani na kuizunguka nyumba akitafuta wa kucheka naye.

Kwa hiyo Hay hakujibu swali la uhalali kwa hoja. Alilijibu kwa picha: mtu asiyepata usingizi, anayebisha hodi kwenye kicheko cha wengine kama anayetafuta dawa. Mwenye kuisoma picha hiyo haoni upuuzi. Anaona uchovu.

Ni haki pia kusema kwamba Hay mwenyewe alionja upande wa pili. Mapema mwaka 1864 alipewa cheo cha meja na kupelekwa Florida ili kuwaandikisha wananchi walio tayari kula kiapo cha utii. Waliopatikana hawakutosha, na tarehe 20 Februari jeshi la Kaskazini likashindwa vibaya huko Olustee. Magazeti ya upinzani yalimfanya yeye kuwa kichekesho. Aliyezoea kuwacheka majenerali kutoka mezani pake alijifunza kwamba dhihaka ikiandikwa na mtu wa mbali haiangalii nani alijitahidi.

5. Mzaha uliodhuru

Waswahili husema: mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Methali hiyo inafaa kuwekwa mbele ya barua za mapema Aprili 1862.

Mary Todd Lincoln, mke wa Rais, hakupatana na makatibu wa mumewe. Chanzo kikubwa kilikuwa fedha. Kongresi ilikuwa imetoa dola 20,000 kwa ajili ya kuitengeneza Ikulu, naye akazivuka. Alitafuta njia za kuziba pengo, mojawapo ikiwa ni kutaka mshahara wa msimamizi wa nyumba ulipwe kwake. Hay alikataa. Katika barua kwa Nicolay anamwita mama huyo Paka wa Jehanamu, tena anaunda kutokana na lakabu hiyo kivumishi kipya cha kueleza jinsi anavyozidi kuwa mkali siku hadi siku. Kwa ufundi wa lugha, ni moja ya vijembe vyake vikali zaidi, na ndiyo maana kimedumu.

Tarehe za barua hizo hazina budi kutazamwa. Willie, mtoto wa tatu wa Lincoln na Mary, alifariki katika Ikulu hiyohiyo kwa homa tarehe 20 Februari 1862, akiwa na miaka 11. Kijembe cha Hay kiliandikwa chini ya miezi miwili baadaye. Mwanamke anayechekwa humo ni mama aliye bado katika matanga, aliyekwisha kumzika mtoto mwingine mwaka 1850, na ambaye ndugu zake kadhaa walikuwa wakipigana upande wa Kusini. Hay aliyajua hayo yote, lakini hayamo katika kijembe chake.

Je, Hay alisema uongo? Katika jambo la fedha alikuwa na haki ya kukataa, na huenda kukataa kwake kuliuokoa utawala na fedheha. Lakini ukweli wa hesabu si ukweli wote wa mtu. Lakabu ina nguvu kwa sababu inachukua tabia moja na kuifanya iwe mtu mzima. Ilipomwita Rais Tycoon, maisha yenyewe yaliisahihisha kila siku, kwa kuwa Hay alimwona Lincoln asubuhi na jioni na kalamu yake ilimfuata. Kwa Mary hapakuwa na masahihisho ya namna hiyo. Aliona mlango wake ukifunguliwa kwa ugomvi tu, akaandika alichokiona. Barua hizo zilipokuja kuchapishwa katika karne ya 20, lakabu ile iliingia katika vitabu vya historia na kusaidia kuijenga sura ya mke mkorofi ambayo mpaka leo ni vigumu kuifuta. Utani wa upande mmoja uligeuka hukumu ya upande mmoja.

6. Kicheko kilichofutwa

Lincoln alipigwa risasi usiku wa tarehe 14 Aprili 1865, akafa asubuhi iliyofuata. Hay alikuwapo kando ya kitanda. Nicolay alikuwa safarini baharini. Baada ya miaka mingi wawili hao waliungana tena ili kuandika historia yao kubwa. Nyaraka za Rais zilikuwa mali ya mwanawe, Robert, na miswada ilipitia mikononi mwake kabla ya kuchapwa. Hay alimhakikishia kwamba lolote lisilompendeza litaondolewa. Ndivyo juzuu 10 za mwaka 1890 zilivyokuja bila shati la kulalia wala mkia wa mbuni. Hata Hay mwenyewe alikuwa amebadilika: alikuwa mtu mzima, tajiri kwa ndoa, aliyekuwa akielekea katika vyeo vikubwa, na tangu 1898 akawa Waziri wa Mambo ya Nje.

Alipofariki tarehe 1 Julai 1905, mjane wake, Clara, alikusanya barua na sehemu za shajara, akazichapisha mwaka 1908 katika juzuu 3 kwa ajili ya marafiki tu. Alitaka kumhifadhia mumewe heshima na kuwasitiri waliotajwa. Kwa hiyo majina ya watu na hata ya mahali yaliondolewa, zikabaki herufi za kwanza na vistari. Matokeo yake ni kitabu cha vitendawili, kwani mzaha usio na mlengwa hauchekeshi wala haufundishi. Ilibidi kungojea mwaka 1939, Tyler Dennett alipochapisha sehemu kubwa ya shajara na barua za miaka ya vita, na baadaye kazi za Michael Burlingame: shajara kamili, aliyoihariri pamoja na John Ettlinger, mwaka 1997, na barua mwaka 2000. Karibu karne moja na nusu ilipita kabla wasomaji wa kawaida hawajasikia kicheko cha nyumba ile kwa ukamilifu.

Historia ya maandiko haya ina fundisho kwa wahifadhi wa nyaraka popote walipo. Wanaosafisha barua za marehemu huanza kwa kuondoa mzaha, kwa kuwa wanauona kuwa ni uchafu juu ya hati safi. Wanapofanya hivyo huondoa sehemu ambayo mwandishi hakuipangia kuonekana, na ambayo kwa sababu hiyo haikupambwa kwa ajili ya vizazi. Aidha huwaondolea walioumizwa nafasi ya kutetewa: kijembe kilichofichwa hakiwezi kujibiwa, hali kile kilichochapishwa pamoja na tarehe yake kinaweza kuwekwa kando ya kaburi la mtoto na kupimwa upya.

Hitimisho

Barua za John Hay zinaonyesha kwamba mzaha wa msaidizi hupima umbali kati yake na mkuu wake. Pale umbali ulipopungua kwa kumjua mtu, kama ilivyokuwa kwa Lincoln, kicheko kilikomaa kikawa heshima ambayo hakuna aliyeilazimisha. Pale umbali ulipobaki, kama ilivyokuwa kwa Mary, kicheko kilibaki kisu. Mwanahistoria anayezitumia barua za aina hii hana budi kuuliza juu ya kila mzaha: nani anachekwa, mbele ya nani, siku gani, na je, mwenye kucheka alipata baadaye nafasi ya kuona vingine?

Katika Juni 1905, majuma machache kabla ya kufa, Hay aliandika katika shajara yake ndoto aliyoota alipokuwa katika meli akirudi nyumbani kutoka Ulaya. Aliota amekwenda Ikulu kutoa ripoti kwa Rais, na Rais huyo alikuwa Lincoln. Alimpokea kwa upole, akamwonea huruma kwa ugonjwa wake, kisha akasema kwamba hakuna kazi kubwa, ila zipo barua mbili zisizo na uzito ambazo zinahitaji majibu. Mzee mwenye miaka 66, Waziri wa Mambo ya Nje wa taifa kubwa, alifurahi katika ndoto yake kwamba amepewa agizo dogo ambalo nguvu zake bado zingeweza kulitimiza.